Blender mikononi mwa anayeanza: katuni ndani ya video za mitaa ya Lamu

Mtu anayetaka kumkalisha sungura wa katuni juu ya baraza halisi ya mawe, katika kichochoro cha Lamu alichokirekodi kwa simu yake, ana haja tatu: programu inayoweza kujua kamera ilisimama wapi, mahali pa kumchora mhusika na kumpa uhai, na njia ya kuviunganisha viwili hivyo jicho lisione mshono. Kazi hii nimekuwa nikiifanya kwa Blender, programu ya kompyuta ya uhuishaji wa pande tatu, nikitumia video za mitaa yetu ya Mkomani na Langoni pamoja na nyingine nilizopewa na jamaa ambao walipozirekodi hawakuwa na katuni yoyote akilini. Hukumu yangu naitanguliza. Kwa anayeanza, hii ndiyo programu ninayoipendekeza kuliko zote nilizowahi kuzitumia, ingawa si nyepesi, na ugumu wake umejificha mahali ambapo wengi hawapatarajii. Wanaoanza huhangaika na uzuri wa mchoro. Mimi nimeridhika kabisa kwamba mchoro wa kawaida wenye kivuli sahihi chini ya mguu humshinda mhusika aliyechorwa kwa ustadi mkubwa akaachwa bila kivuli, na tathmini hii nimeiandika kwa kipimo hicho.

Blender ilianza katika miaka ya 1990 kama chombo cha ndani cha studio moja ya uhuishaji ya Uholanzi, NeoGeo. Kampuni iliyokuja kuisambaza ilipofunga milango, mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, aliunda Wakfu wa Blender mwaka 2002, akachangisha euro 100,000 kutoka kwa umma katika muda wa wiki saba, na msimbo wa programu ukakombolewa na kutolewa bure kwa leseni ya GPL. Leseni hiyo ina maana kubwa kwa kisiwa kama chetu. Mtu mmoja mwenye intaneti ya kutegemewa anaweza kuipakua, ambayo ni mamia kadhaa ya megabaiti, kisha akawagawia wenzake kwa flashi, na hakuna haki ya mtu iliyovunjwa. Lipo hata toleo lisilohitaji kusakinishwa, ambalo hufunguka moja kwa moja kutoka kwenye folda yake. Hakuna ada ya mwezi wala nembo inayochomoza pembeni mwa video yako kukudai malipo. Zana za kufuatilia mwendo wa kamera, ambazo ndizo zinazotuhusu hapa, ziliingia katika toleo la 2.61 mwezi wa Desemba 2011, na mwaka 2025 filamu ya Latvia iliyotengenezwa kwa programu hii hii ilitwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya uhuishaji. Uwezo wake, kwa hiyo, hauna shaka. Swali ni kama mtu mwenye simu na kipakatalishi cha kawaida anaweza kuufikia.

Anaweza, mradi achague video yake kwa makini, na hapa ndipo ningependa anayeanza atumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Blender hufuata madoa madogo yaliyomo kwenye picha, fremu baada ya fremu, yaani katika kila picha moja moja inayounda video, na kutokana na namna madoa hayo yanavyosogea huku yaliyo karibu yakienda kasi kuliko yaliyo mbali, hukadiria kamera ilikuwa wapi na ilielekea wapi. Ukuta uliopakwa chokaa ukalainishwa hauna doa la kushika. Ukuta mkongwe ambao chokaa imebanduka na mawe ya matumbawe yakajitokeza ni hazina, kwa sababu kila kona ya jiwe ni alama iliyo tayari. Mlango wa nakshi unafaa sana, ila nakshi zinazojirudia, ua baada ya ua, zinaweza kuipotosha programu ikaruka kutoka ua moja hadi la jirani, basi ni bora kushika ncha za msumari au ufa wa mbao kuliko ua lenyewe. Maji ya bahari hayafai kabisa, wala matanga, wala makuti ya mnazi yanayopepea, wala kanga iliyoanikwa. Vyote hivyo husogea kwa mwendo wao wenyewe, na programu haina njia ya kutenganisha mwendo huo na wa kamera isipokuwa umeikataza kuvigusa. Ndiyo sababu video za ufukoni, ambazo wengi hukimbilia kwanza kwa uzuri wake, ndizo ngumu kuliko zote. Katika miezi ya kusi, upepo huongeza taabu nyingine: simu iliyoshikwa mkononi hutetemeka, na hata stendi nyepesi huyumba.

Kwa mtu wa mara ya kwanza, ushauri wangu ni kuanza na video ambayo kamera haikusogea hata kidogo. Simu iwekwe juu ya stendi au iegemezwe kwenye ukingo wa baraza, ielekezwe kwenye daka la nyumba, yaani kibaraza cha mlangoni, na irekodi sekunde kumi tu. Kamera ikitulia, hakuna haja ya kufuatilia chochote: unaiweka video kuwa mandhari ya nyuma ya kamera ya Blender, unailinganisha sakafu ya programu na sakafu ya picha kwa jicho, kisha unaanza kazi ya mhusika siku hiyo hiyo. Baraza zetu zina faida ambayo sikuiona imetajwa katika mafunzo yoyote ya nje: ni sehemu bapa, zenye kingo zilizonyooka zinazokimbia kuelekea mbali, na kingo hizo ndizo zinazokuonyesha mteremko wa sakafu bila kipimo cha ziada. Ukimpata mhusika wako akakaa sawasawa kwenye ukingo wa baraza, umekwisha kujifunza nusu ya elimu ya kamera.

Mambo machache ya simu yanapaswa kutengenezwa kabla ya kurekodi, na nayataja kwa haraka. Zima utulizaji wa picha unaofanywa na programu ya simu, kwa maana huikata na kuipinda fremu kwa siri na kuharibu hesabu ya kamera. Funga mwanga na fokasi kwa kubonyeza kioo na kushikilia, ili picha isigeuke kung'aa au kufifia mtu anapopita. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopanda na kushuka, na kasi hiyo isiyo thabiti huifanya katuni iachane na video taratibu. HandBrake, ambayo nayo ni programu ya bure, huigeuza video kuwa na kasi moja, mathalani fremu 25 kwa sekunde, kabla hujaiingiza katika Blender. Video zilizopo tayari, kama zile za harusi au za sherehe za mtaa, hazikupi nafasi ya kutengeneza hayo, hivyo kazi yako ni kutafuta ndani yake vipande vifupi ambavyo kamera imetulia au imesogea polepole. Mara nyingi vipo, hata katika rekodi ya ovyo. Mpiga picha hupumzika mahali fulani. Nyuso za watu zilizomo humo ni jambo la kuombea ruhusa upya, kwa sababu aliyekubali kurekodiwa arusini hakukubali kusimama kando ya sungura mbele ya umma, na hapa kwetu hilo si jambo dogo.

Kamera inaposogea, ndipo Blender inapoonyesha thamani yake, na ndipo pia inapodai uvumilivu. Katika sehemu ya kuhariri klipu, unaweka alama kwenye madoa uliyoyachagua na kuiagiza programu iyafuate. Zinahitajika alama zisizopungua 8 zinazoonekana kwa pamoja, zilizotawanyika karibu na mbali, juu na chini. Alama nane zilizorundikana kwenye ukuta mmoja bapa hazitoi habari ya kutosha. Kisha unaipa programu urefu wa fokasi wa lenzi. Njia rahisi kwa simu ni kuandika upana wa kihisi, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, kuwa milimita 36, na kutumia urefu wa fokasi uliotajwa na mtengenezaji kwa kulinganisha na filamu ya milimita 35, ambao kwa kamera kuu za simu nyingi huwa karibu na milimita 24 hadi 28, halafu kuiruhusu programu iurekebishe yenyewe wakati wa hesabu. Matokeo huja kama namba moja ya kosa, inayohesabiwa kwa pikseli. Ikiwa chini ya 1 unaweza kuendelea, ikikaribia 0.3 umefanya vizuri sana. Ikizidi 3, ama lenzi si sahihi ama kuna alama zilizoteleza, nazo hupatikana kwa kutazama mistari ya grafu na kuitafuta ile inayojitenga na wenzake.

Nathubutu kusema kwamba namba hiyo ni mwalimu mwema kuliko mafunzo mengi ya video. Inakuambia ukweli papo hapo, na kila unapoiondoa alama mbovu ukaiona inashuka, unajifunza kuitazama picha kwa jicho jipya: unaanza kutambua kwamba doa ulilodhani ni ufa ukutani kumbe ni kivuli cha waya kinachosogea na jua, au kwamba alama uliyoiweka mahali ambapo boriti ya mkoko na ukuta wa nyuma vinaonekana kukutana haishiki kitu chochote halisi, bali makutano ya vitu viwili vilivyo mbali mbali. Baada ya hesabu, unachagua alama tatu zilizo sakafuni na kuiambia programu kwamba hiyo ndiyo ardhi, unachagua nyingine kuwa kitovu, na ikiwa unajua umbali halisi kati ya alama mbili, mfano upana wa baraza uliyoipima kwa utepe, unaiandika ili ulimwengu wa katuni uwe na vipimo vya kweli. Kitufe kimoja cha kuandaa mandhari hujenga kamera, sakafu na tabaka za kuunganishia. Sakafu hiyo ikiwa imekaa vibaya, mhusika huteleza kama mashua iliyolegea kamba, na hakuna ustadi wa uhuishaji unaoweza kumwokoa. Ni afadhali kurudi kwenye alama kuliko kuendelea.

Kuhusu mhusika mwenyewe, kuna njia mbili, na Blender inazibeba zote. Ya kwanza ni mhusika wa umbo kamili, mwenye mifupa ya kumchezesha; ya pili ni Grease Pencil, zana ya kuchora kwa mkono ndani ya nafasi ya pande tatu, iliyopata nguvu kubwa katika toleo la 2.80 la mwaka 2019. Kwa anayependa katuni za kuchora, hii ya pili ni neema. Unachora juu ya video huku ukiiona nyuma ya kalamu yako, na michoro 12 kwa kila sekunde, kila mmoja ukikaa kwa fremu mbili au zaidi kidogo, inatosha kabisa kuleta uhai. Kazi ya kuchora juu ya picha iliyorekodiwa si ngeni: Max Fleischer wa Marekani alipewa hataza mwaka 1917 ya chombo cha kuchorea fremu kwa fremu juu ya filamu. Kilichobadilika ni kwamba sasa mchoro unaweza kuwekwa mahali halisi pa mtaa, kwa hiyo kamera ikisogea, mchoro hubaki pale ulipowekwa.

Sasa kivuli. Niliwaonyesha watu wa mtaani vipande viwili vya sungura yule yule, katika daka lile lile, kimoja kikiwa na kivuli na kingine bila. Bibi mmoja jirani, ambaye hana habari na mambo ya kompyuta, alikitazama kile cha pili akauliza mara moja, "Mwanangu, mbona huyu hakukanyaga chini?" Hakusema neno juu ya masikio niliyoyachora kwa muda mrefu. Jicho la mtu yeyote aliyekulia kwenye jua kali linajua kivuli kinavyoanguka, hata kama mwenyewe hajawahi kulifikiria jambo hilo, na ndilo jicho ambalo kazi yako italazimika kulipita.

Blender, kupitia injini yake ya kutoa picha iitwayo Cycles, ina kinasa kivuli: unaweka bapa juu ya sakafu ya video, unalitia alama kuwa ni la kunasa vivuli, na katika picha ya mwisho bapa lenyewe halionekani, hubaki kivuli tu kilichoangukia sakafu halisi. Unaweza kuweka mengine kwenye ukuta na kwenye vidato vya baraza, na kivuli kitajikunja kikipanda kidato kama kinavyofanya kwenye jiwe la kweli. Kuona kivuli cha sungura kikipanda ngazi za daka kwa mara ya kwanza ni furaha ambayo sitaificha. Michoro ya Grease Pencil haitupi kivuli kama maumbo ya kawaida, lakini ipo njia ya wazi: tengeneza bapa la kawaida lenye umbo la mhusika, lisimamishe mahali pale pale, lifiche kwa kamera, na liache litupe kivuli peke yake.

Lakini kivuli cha aina gani? Hapo ndipo mafunzo ya nchi za baridi hayatusaidii sana. Lamu iko takribani digrii 2 tu kusini mwa ikweta, na jua la saa sita mchana hukaa karibu na utosi mwaka mzima, kiasi kwamba kivuli cha mtu saa hiyo hakizidi nusu ya kimo chake katika mwezi wowote. Kuanzia Aprili hadi Septemba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini na kivuli huangukia kusini. Desemba ni kinyume chake. Anayejua tarehe na saa ya kurekodi anaweza kuiweka taa ya jua ya Blender kwa uhakika badala ya kubahatisha. Jua lina upana wa takribani nusu digrii angani, na taa hiyo ina mahali pa kuandika upana huo. Ukiuongeza, kingo za kivuli hulainika isivyo kweli kwa mchana mweupe. Mimi hupendelea kurekodi kuanzia saa kumi alasiri, vivuli vinapokuwa virefu na vyenye sura. Ila mji wetu unaelekea mashariki, ukitazamana na Manda, kwa hiyo kwenye gati na barabara ya mbele ya bahari alasiri huwa tayari imefunikwa na kivuli cha majengo. Huko ni vyema kwenda asubuhi.

Vichochoroni mambo ni tofauti kabisa, na nadhani hapa ndipo Lamu inapomfundisha mtu mwanga kuliko kitabu. Katika sehemu nyembamba za nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji, jua halifiki chini. Mwanga unaoonekana umegonga ukuta wa juu, ukarudishwa na chokaa ya ukuta wa pili, na ukafika sakafuni ukiwa laini, hauna upande mmoja. Ukiweka taa ya jua hapo, mhusika hukataa kabisa kuwa sehemu ya mahali. Kinachotakiwa ni taa pana ya bapa juu ya kichwa, yenye weupe wa joto kidogo, na kivuli hafifu kinachokolea pale tu mguu unapogusa jiwe. Utusitusi huo mdogo wa mguso ni tofauti na kivuli cha jua, na hata juani huwapo. Ukikosekana, mhusika huonekana ameinuliwa juu ya sakafu kwa upana wa kidole. Ili kujua mwanga umetoka wapi, mimi huliweka yai mahali atakapokaa mhusika na kulirekodi kwa sekunde chache kabla ya kuanza. Weupe na mviringo wake huonyesha upande unaong'aa, upande uliofifia, na rangi inayorudi kutoka ardhini. Zipo pia picha za mwanga za bure katika tovuti ya Poly Haven, nazo ni nzuri, lakini hazikupigwa katika kichochoro chako.

Rangi inahitaji maneno machache lakini mazito. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023, Blender huonyesha rangi kwa mfumo uitwao AgX, unaofaa sana kwa mandhari iliyotengenezwa yote ndani ya kompyuta, ila ukipitishiwa video ya simu huifubaza. Katika mipangilio ya rangi, badilisha iwe Standard, na video yako itarudi kama ilivyorekodiwa. Sioni kwa nini programu haimtahadharishi mtumiaji juu ya jambo hili, maana anayeanza huona video yake imepauka na kudhani ameiharibu kwingine. Baada ya hapo, linganisha weusi: hakuna sehemu ya mhusika iwe nyeusi kuliko kivuli kizito kilichomo kwenye video. Mpake ukungu kidogo sana ili mistari yake isiwe mikali kuliko ukingo wa mlango ulio kando yake, na mtilie chembechembe zinazofanana na za simu. Kazi hiyo hufanyika katika sehemu ya kuunganisha kwa nodi, yaani visanduku vya hatua vinavyounganishwa kwa mistari, ambako nodi ya Alpha Over huweka katuni juu ya video. Nodi hutisha kwa sura, lakini kwa kazi hii nne au tano zinatosha.

Jambo la kuliepuka mwanzoni ni kitu kupita mbele ya mhusika. Punda akikatiza, na hapa punda hukatiza, ni lazima umkate kwa mkono fremu baada ya fremu ili aonekane mbele ya katuni, na sekunde mbili za punda mwenye mzigo wa mawe zinaweza kumeza jioni nzima. Blender ina zana za kukata umbo na zinafanya kazi, lakini ni za polepole. Nguzo au mlango usiosogea ni rahisi, na unafaa kujaribiwa mapema, kwa sababu mhusika anayechungulia kutoka nyuma ya mlango wa kweli huaminika kuliko anayesimama wazi.

Hatua ya mwisho, ya kurenda, yaani kuiacha kompyuta itoe kila fremu ikiwa picha kamili, hutegemea mashine na umeme. Sekunde 10 kwa fremu 25 ni picha 250. Kila picha ikichukua dakika moja, ni zaidi ya saa nne. Umeme unaweza kukatika katikati. Kwa hiyo usiiagize programu itoe video moja kwa moja, bali mfululizo wa picha za PNG katika folda, kwani mtambo ukizimika picha zilizokwisha tolewa husalia na unaendelea palipoishia. Matoleo ya sasa yanahitaji angalau gigabaiti 8 za kumbukumbu na kadi ya michoro inayokubali OpenGL 4.3. Wenye mashine za zamani wasikate tamaa: matoleo ya 2.83 na 3.6, yaliyotunzwa kwa muda mrefu, bado yanapatikana katika tovuti rasmi, na yana kila zana niliyoieleza hapa.

Nimeitumia pia DaVinci Resolve katika toleo lake la bure. Kwa kuhariri, sauti na kusawazisha rangi, inaishinda Blender bila ubishi, na kazi yangu ikishakamilika ndiko ninakoipeleka. Lakini zana yake bora ya kukata umbo la mtu au mnyama yenyewe imefungiwa katika toleo la kulipia, na si mahali pa kumchora mhusika. After Effects ya Adobe ina mafunzo mengi sana na inafuatilia kamera vizuri, ila ada yake haikomi, na siku utakayoacha kulipa mafaili yako hubaki hayafunguki. Kwa aliye na simu peke yake, mhusika anaweza kuchorwa katika FlipaClip na kupandishwa juu ya video katika CapCut, mradi kamera imetulia na kivuli kimechorwa kwa mkono kama tabaka lake. Njia hiyo naiheshimu, na kijana anayeanza nayo hapotezi kitu, kwa sababu macho atakayoyapata yatamfaa akihamia kwenye kompyuta.

Dosari kubwa ya Blender, kwa maoni yangu, ni kwamba imejengwa kwa ajili ya mambo mengi mno. Anayetaka kufuatilia kamera na kuweka kivuli hukutana na mamia ya vitufe vya kuchonga, kumwaga maji, kupuliza moshi na kushona nguo, na hakuna anayemwambia avipite. Mafunzo mengi yako kwa Kiingereza na huenda kasi, na mengi humfundisha mtu kubonyeza bila kumweleza sababu. Kwa hiyo ningemshauri afungue sehemu tatu tu za programu kwa muda wote wa mwanzo, yaani ya klipu, ya mandhari na ya kuunganisha, na asiguse nyingine. Vijana watatu wakikaa pamoja kwenye mashine moja, mmoja akishughulikia alama, mmoja mchoro na wa tatu mwanga, huenda mbali zaidi kuliko watatu waliotengana, na gharama yao ni flashi moja na stendi ya simu. Waanze na daka lenye kivuli, kamera iliyotulia, sekunde kumi, mhusika aliyekaa. Kutembea kwake kuje baadaye, maana kila hatua ni mguso mpya wa mguu na ardhi, na kila mguso unadai kivuli chake.